Mkaa Chini ya Jiwe

"Jiwe limeshasema, Inspekta. Wewe ni nani ubishane na jiwe?"

Mkuu wa Kituo alisema hayo huku akimenya chungwa juu ya faili, bila kuinua macho. Inspekta hakukaa. Kituo kizima kilimwita Bi Kwanini, mbele yake na nyuma yake, naye alikuwa ameshachoka kukataa.

"Jiwe halijasema kitu, Afande. Limekaa tu."

"Maiti imekutwa magharibi ya jiwe. Magharibi ni wilaya yao. Kesi yao, mtuhumiwa wao. Mchana wanakuja mpakani, unamkabidhi Kasia, mnatiliana sahihi, unarudi."

"Na wakimuua?"

"Polisi wenzetu?"

"Watu walio nyuma ya polisi wenzetu. Juzi wamechoma nyumba ya kaka yake. Marehemu alikuwa mkwe wao, Afande. Unadhani Kasia atafika kituoni kwao akiwa mzima?"

Mkuu wa Kituo aliweka ganda la chungwa pembeni. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyebakiza miezi michache kustaafu, na hakuna kitu kinachomfanya afisa apende mipaka kama kustaafu.

"Una mpaka mchana," alisema. "Ukiniletea kitu, nitasikiliza. Usiponiletea, jiwe limesema."

Nje, kwenye benchi la wageni, alikaa mke wa Kasia. Alisimama Inspekta alipotoka.

"Wanamchukua, dada?"

"Bado."

"Mimi nimezaliwa kule. Wanaomsubiri ni kaka zangu na wajomba zangu, nawajua mmoja mmoja. Wakishamtia mkononi, hutaletewa hata kiatu chake." Alisema bila kulia, na hilo lilimuumiza Inspekta kuliko machozi.

Msomaji aliyeanzia hapa aelezwe kidogo. Mto ulishuka kutoka vilimani na kuigawa nchi ile kabla ya kuingia ziwani. Mashariki walikaa watu wa maji, wavuvi na wavushaji. Magharibi walikaa wakulima wa vilima. Nyuma yao wote, kwenye mbuga, walikaa wafugaji, waliooa pande zote mbili na kulaumiwa na pande zote mbili. Serikali ilipogawa wilaya ilitaka kuufuata mto, shauri zuri, isipokuwa karibu na ziwa mto ule haukuwa na adabu. Kila masika ulihamisha mdomo wake. Basi wapimaji wa zamani wakasimika jiwe ufukweni, wakasema mto na uende unakotaka, mpaka ni hapa. Watu wakaishi na jiwe hilo bila kulitazama, vizazi viwili.

Halafu ikaja habari ya gati. Serikali ingejenga gati kubwa pale kinapotia nanga kivuko cha Kasia, na wilaya yenye ardhi hiyo ingepata barabara, soko na vyeo. Hapo ndipo watu walipokumbuka kuwa kuna jiwe. Lilikutwa mashariki ya kivuko, maana yake gati ni la wilaya ya magharibi. Wazee wa mashariki waliapa halikuwa pale. Wazee wa magharibi waliapa liko pale tangu enzi. Mkoa ukamtuma mpima ardhi aje akate shauri, na kabla hajaandika neno lolote akakutwa ufukweni amepasuliwa kisogo. Siku ile ile asubuhi Kasia, ambaye leseni yake ilitolewa na wilaya ya mashariki na ingekufa jiwe likikubaliwa, alikuwa amepiga kelele mbele ya abiria wote kwamba atamzamisha mpima huyo. Mdomo uliponza kichwa.

Inspekta alianzia chumba cha maiti. Koplo wake, mzee mwenye tumbo na utani, alibaki mlangoni akijifanya kulinda.

"Kifo kimetokana na pigo moja," alisema daktari. "Kitu kizito, kisicho na makali. Kasia la mvushaji linatosha."

"Jiwe pia linatosha?"

"Linatosha."

"Na kucha?"

Daktari aliinua mkono wa marehemu. Kucha zote zilikuwa nyeusi hadi kwenye nyama. "Matope. Alianguka ufukweni."

"Ufukwe wetu ni mchanga mweupe, daktari. Matope meusi hivi ameyapata wapi?" Inspekta aliomba pamba, akaipitisha chini ya ukucha mmoja, akaisugua kwenye karatasi. Ulibaki mstari mweusi mkavu, wenye chembe zinazong'aa.

"Mkaa," alisema Koplo kutoka mlangoni. "Basi kazi imekwisha. Kasia ana jiko la mkaa palepale kivukoni, anawachemshia abiria chai. Mbaya zaidi, chai yenyewe haina sukari."

"Mtu akigombana karibu na jiko, mkaa utamwingia chini ya kucha zote kumi?"

Koplo alifikiri. "Labda aliangukia mikono."

"Basi angeungua. Huyu hakuungua. Huyu alikuwa anafukua." Aliikunja karatasi akaitia mfukoni. "Mpima ardhi anafukua mkaa. Kwa nini?"

"Haya, tumeanza," alisema Koplo.

Kasia alikuwa ameketi sakafuni kwenye mahabusu, magoti kifuani. Alikuwa mtu mkubwa, na chumba kile kilimfanya aonekane mkubwa zaidi.

"Ulisema utamzamisha," Inspekta alianza.

"Nilisema. Abiria wakichelewa kulipa nao huwaambia nitawazamisha. Nani nimemzamisha?"

"Mara ya mwisho ulimwona wapi?"

"Jioni ileile. Alikuja kivukoni, mimi nikanuna. Akaniambia, Kasia, usinune, usiuze chombo chako kwanza. Akaniomba nimpeleke kwa mtumbwi mpaka kwenye mitete, kule mto ulikokuwa ukiingilia ziwani zamani. Alishika jembe. Nikamtania, mpima mzima leo umekuwa mkulima? Akacheka. Nikamshusha, nikarudi."

"Mbona maelezo haya hayamo kwenye jalada?"

"Niliyasema. Yule sajini wenu alicheka. Akasema mpima hashiki jembe, hushika kalamu."

Inspekta alihisi hasira ikimpanda, akaimeza. "Wewe una mkaa kivukoni?"

"Ninao. Gunia moja."

"Alilishika?"

"Afande, alikaa mbele ya mtumbwi, mikono magotini, safi kama ya bwana harusi. Nilimwona." Kisha Kasia akauliza kwa sauti ndogo, "Ni kweli nakabidhiwa mchana?"

"Mpima alitumwa kwa ajili ya jiwe, akashika jembe. Chini ya jiwe la mpaka kuna nini?"

"Chini?" Kasia alishangaa. "Mchanga. Wazee husema kuna fuvu la mtu, lakini wazee kila jiwe hulitilia fuvu."

Alipotoka alimpigia simu mwenyekiti wa kituo cha kivuko, ambaye kwa wiki nzima alikuwa mtu wa pili kwenye orodha ya watuhumiwa ya Koplo, akamwuliza swali hilohilo. Chini ya jiwe? Mizizi, alijibu mwenyekiti, au labda zege zaidi. Kwani kuna nini?

Jua lilikuwa limepanda walipofika ufukweni. Walimchukua na Kasia nyuma ya gari, na pingu mikononi, kwa sababu muda wa kumrudia usingekuwepo. Mkewe alikataa kubaki, akapanda naye, na Koplo hakuwa na moyo wa kumshusha.

Jiwe lilisimama peke yake kwenye majani mafupi, nguzo ya zege ifikayo gotini, tarakimu zake zimelika. Upande wa magharibi kilionekana kivuko, kisha kipande cha mchanga alipokutwa marehemu, kisha mbali kidogo mitete. Kando ya jiwe lilisimama gari la serikali, na Afisa Ardhi wa wilaya ya magharibi ameliegemea, shati jeupe, buti zilizopakwa rangi. Tangu kesi ianze hakuna mtu aliyekuwa mwema kwa polisi kama yeye. Alileta ramani, alileta soda, alileta hata gari lao lilipokwama.

"Karibu wilayani kwangu," alimtania Inspekta alipopita upande wa pili wa jiwe.

"Nimekaribia. Nina swali la kijinga."

"Hakuna swali la kijinga, kuna mjinga asiyeuliza."

"Jiwe hili linaweza kuwa limehamishwa?"

Afisa Ardhi alicheka, cheko la mtu aliyelingoja swali. "Watu wa mashariki wanalisema hilo kila siku. Sikiliza, nikupe siri ya kazi. Wapimaji wa zamani hawakuwa wajinga. Walijua zege hung'olewa. Kwa hiyo kabla ya kusimika walichimba shimo, wakamwaga mkaa chini, wakafukia, ndipo wakaweka jiwe juu. Mkaa hauozi. Mwizi akiliiba jiwe, mkaa unabaki mahali pake. Tunauita shahidi."

"Na watu wanajua?"

"Watu wajue wapi! Ingekuwa siri gani? Katika wilaya hizi mbili tulikuwa tunaijua wawili tu, mimi na huyo marehemu. Mimi mwenyewe nilianza kazi kwa kushika mnyororo wa kupimia." Alivua saa akaitia mfukoni. "Chimbeni. Mkikuta mkaa, jiwe ni la haki, na tusipotezeane muda."

Koplo alichimba. Alichimba kwa kulalamika, mgongo wake, umri wake, mshahara wake, mpaka ubavu wa jiwe ukawa wazi na koleo likatoa sauti ya kukwaruza. Chini ya zege, tandiko zima la mkaa, jeusi, lililopangika vizuri.

Mke wa Kasia, aliyekuwa akitazama kutoka garini, alijifunika uso.

"Pole, Inspekta," alisema Afisa Ardhi, na huruma yake ilisikika ya kweli. "Ulijitahidi."

Inspekta alichuchumaa ukingoni mwa shimo. Macho yalikataa kuondoka pale chini. Tandiko lile halikuguswa. Hakuna mkono uliolifukua, hakuna kucha iliyopita. Basi marehemu aliutoa wapi wake?

"Koplo, endelea."

"Niendelee wapi? Mkaa huu hapa."

"Chini yake."

"Chini ya shahidi hakuna kitu," alisema Afisa Ardhi.

"Basi hatutachelewa."

Koplo alilipitisha koleo chini ya mkaa, akainua bonge la udongo, akaliweka kwenye majani. Inspekta akalipasua kwa vidole. Udongo ulikuwa wa kijivu, umejaa makombe madogo ya konokono wa ziwani na mizizi mikavu ya magugu maji. Akavuta kitu kilichochomoza. Kilikuwa kifuko cha nailoni cha maziwa, maandishi bado yanasomeka.

Inspekta alikipangusa udongo kwa kidole gumba.

"Koplo, mwaka ule ziwa lilipofura, maji yalifika wapi?"

"Yalipita hapa, Afande. Mpaka kule barabarani. Hili jiwe lenyewe halikuonekana msimu mzima. Yalipopungua yaliacha uchafu huuhuu, makombe, magugu, mifuko."

"Na jiwe lilisimikwa lini?"

"Babu yangu alikuwa hajaoa."

Inspekta aliinua kifuko cha maziwa kwa ncha za vidole. "Babu yako hajaoa, na maziwa ya mfuko yameshatangulia chini ya mkaa. Bwana Afisa, nieleze."

Afisa Ardhi alikuwa ametoa saa yake mfukoni na sasa alihangaika kuivaa. "Maji hupenya. Ziwa likijaa linaingiza vitu chini ya ardhi. Hiyo ni jiografia tu."

"Maji yaingize kifuko chini ya mkaa bila kuuvuruga mkaa wenyewe?"

"Inawezekana."

"Mimi nasema hivi. Ziwa lilifura, likalifunika jiwe. Lilipopungua, kila kitu kilikuwa tope, na hakuna aliyekumbuka vizuri lilisimama wapi. Mtu akapata nafasi yake. Akaling'oa, akalileta upande huu wa kivuko. Mwizi wa kawaida angelichomeka tu na kwenda zake kulala. Huyu alichimba, akatandika mkaa, akafukia, kwa sababu kazi aliyofundishwa haimruhusu kusimika jiwe bila shahidi. Alitaka siku mpima mwenzake akija kuchimba, aukute." Alisimama, akajipangusa magoti. "Mwenzake hakuchimba hapa. Alikwenda kwenye mitete, ambako jiwe lilikuwa tangu zamani, akaukuta mkaa wa kweli. Unamo kwenye kucha zake hadi sasa."

"Hayo ni maneno."

"Ni maneno. Uliyasema wewe kwamba mnaijua siri hii wawili. Mmoja yuko chumba cha maiti."

Iliyojibu ilikuwa honi. Kwenye barabara ya magharibi gari la polisi lilikuja polepole, na nyuma yake watu, wengi, kwa miguu na kwa baiskeli. Walikuja wakiimba, lakini haukuwa wimbo wa mtu kuufurahia. Mke wa Kasia aliteremka, akasimama mbele ya mlango wa gari alimokuwa mumewe. Kama angeweza kuwazuia wote kwa mwili wake angewazuia.

Sajini wa magharibi aliwasimamisha watu wake nyuma ya gari, akaja peke yake hadi kwenye jiwe. Alikuwa mtu mwembamba, mwenye macho ya mtu ambaye hakulala.

"Habari za kazi, Afande. Nimekuja kwa yule bwana."

"Tazama kwanza."

Alimwonyesha mkaa, makombe, kifuko. Alimweleza kwa sauti ya kusikika hadi kwenye baiskeli, kwa sababu waliofiwa na mkwe wao walikuwa na haki ya kusikia kuliko polisi. Sajini alichukua kifuko, akakigeuza. Nyuma yake wimbo ulikwisha. Mzee mmoja, baba mkwe wa marehemu, alisogea mbele mpaka akawaona wote vizuri.

"Kwa hiyo?" aliuliza Sajini.

Hapo Inspekta aliogopa. Alichotaka kufanya hakikuandikwa kwenye kitabu chochote cha polisi, na kikiharibika, damu ingekuwa juu ya kichwa chake.

"Kwa hiyo sikuzuii," alisema. "Jiwe hili kama ni la haki, maiti ilikutwa kwako, kesi ni yako, na mtuhumiwa ni wako. Ila mtuhumiwa si yule wa garini. Ni huyu hapa, na tayari amesimama upande wako. Mchukue."

Afisa Ardhi alitazama watu. Watu walimtazama yeye. Hawakupiga kelele, walisogea tu, hatua ya kwanza, halafu ya pili, wakimpita Sajini kama hayupo.

"Sajini," alisema Afisa Ardhi, "watulize watu wako."

"Ni watu wako vilevile, bwana," alisema Sajini, na akatandaza mikono kuwazuia. Mikono miwili, watu wote wale.

Afisa Ardhi alirudi nyuma. Buti lake liligonga jiwe, akalizunguka, akasimama mashariki yake, karibu kabisa, hata Inspekta akasikia harufu ya jasho lake.

"Inspekta, huwezi kunikabidhi kwa hawa. Wataniua."

"Kasia naye alisema hivyo."

"Mimi ni mtumishi wa serikali!"

"Wa wilaya ile. Hapa kwetu huna kesi, bwana. Kesi haiko kwetu."

"Iko kwenu!" Sauti ilimpasuka. "Iko kwenu, hapa pote ni kwenu! Jiwe si la hapa. Lilikuwa kule kwenye mitete, mimi ndiye niliyelileta. Nilikuwa nimeshagawa viwanja, wakubwa walikuwa wanaulizia. Nilimwambia aache, aseme tu amekuta mkaa hapa, akakataa. Alikuwa shimoni akicheka, kama mchezo, nikampiga, nikamburuta hadi mchangani. Nichukueni nyie, jamani. Nichukueni nyie, mashariki!"

Baba mkwe alikuwa amefika kwenye jiwe. Alisimama pale, akimtazama Afisa Ardhi. Akaweka mkono juu ya zege kama anayeegemea. Watu nyuma yake wakasimama alipoishia.

"Umesikia, Sajini?" Inspekta aliuliza.

"Nimesikia. Wamesikia wote." Sajini alivua kofia akajifuta uso. "Kesi ni yenu, Afande. Sina ubishi."

Inspekta alimgeukia Koplo. "Mfunge."

Koplo hakusogea. Alikohoa kidogo, akainama sikioni mwake. Kituo chao, alimkumbusha, kilikuwa na pingu moja tu.

"Basi unangoja nini?" alisema Inspekta. "Kamfungue Kasia."